Kozi ya Kusoma Ipimwe kwa Kurasa

Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, waliwapima wanafunzi wa Tanzania uwezo wa kusoma Kiingereza, kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu. Kipimo chao kilikuwa aya zilizofutwa maneno hapa na pale, na mwanafunzi anajaza nafasi zilizoachwa wazi. Anayeifuata maana huziba kwa urahisi, asiyeifuata hubahatisha. Taarifa yao ilisema kwamba chini ya asilimia 20 ya wanachuo waliopimwa ndio waliokuwa na kiwango cha kusoma bila taabu hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Na hao walikuwa vijana waliokwisha kuchujwa darasa la saba, wakachujwa tena kidato cha nne na kidato cha sita, katika nchi iliyokuwa na nafasi chache sana za chuo kikuu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeshaliona tatizo hilo. Mwaka 1978 kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano ili wanafunzi wafundishwe kusoma, kufuatilia mihadhara na kuandika kitaaluma. Vyuo vilivyozaliwa baadaye vilifuata nyayo, na leo somo la aina hiyo ni jambo la kawaida mwaka wa kwanza. Bado mhadhiri akiagiza sura moja ya kitabu, swali linalozunguka kwenye kundi la WhatsApp la darasa ni moja tu: nani ana desa?

Desa, kwa asiyelijua, ni muhtasari ulioandikwa na mtu mwingine, mara nyingi mwanafunzi wa miaka iliyopita, ukanakiliwa na kurithishwa hadi chanzo chake kikasahaulika. Ni rahisi kuwaita wanaoutegemea wavivu. Mimi siwaiti hivyo, kwa sababu hesabu yao naielewa. Sura ya kurasa 30, yenye maneno 400 kila ukurasa, ina maneno 12,000. Mwaka 2019 Marc Brysbaert wa Ubelgiji alikusanya tafiti 190 za kasi ya usomaji, akaona kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kwa ukimya, katika maandishi yasiyo ya hadithi, huenda kwa wastani wa maneno 238 kwa dakika. Msomaji huyo huimaliza sura ile kwa dakika 50. Anayekwenda maneno 100 kwa dakika anahitaji saa mbili, kabla hajafungua kamusi hata mara moja. Mpe masomo matano, kila moja na sura mbili kwa wiki, utakuwa umempa saa 20 za kusoma juu ya vipindi, kazi za vikundi na foleni ya kantini. Desa ndilo linalomwezesha kufanya mtihani.

Ubaya wa desa ni kwamba halimwongezei kasi. Mwaka unaofuata vitabu vinakuwa vizito zaidi naye yuko palepale. Mwaka 1986 Keith Stanovich aliandika makala mashuhuri kuhusu mzunguko huu, akiupa jina linalotokana na Injili ya Mathayo: mwenye nacho huongezewa. Anayesoma vizuri husoma zaidi, kwa hiyo hupata maneno zaidi na kusoma vizuri zaidi. Anayesoma kwa shida hukwepa kusoma, na pengo hupanuka.

Siku hizi mzunguko huo umepata mtu anayeahidi kuukata. Kozi za mtandaoni za kujenga usomaji na msamiati wa kiwango cha chuo zimejaa, za bure na za kulipia, za vyuo vikubwa vya Marekani na za mwalimu wa mtaa wa pili mwenye simu nzuri na taa ya kurekodia. Naulizwa mara kwa mara kama zinafaa. Msimamo wangu ni kwamba kozi ya mtandaoni inaweza kumjengea kijana uwezo huu, hata pengine kuliko somo la saa mbili kwa wiki katika ukumbi wa watu mia nne, ila kwa sharti moja: imsomeshe kurasa. Nyingi hazimsomeshi. Humwonyesha video za mtu anayezungumza kuhusu kusoma, akamaliza na cheti bila kusoma sura moja nzima ya kitu chochote.

Tuanze na msamiati, kwa kuwa hapo ndipo penye upotoshaji mwingi. Mtu anahitaji kujua maneno mangapi ili asome kitabu cha chuo? Watafiti wameligeuza swali hili wakauliza: katika ukurasa, ni asilimia ngapi ya maneno lazima uyajue ili uelewe bila msaada? Mwaka 1989 Batia Laufer alitaja asilimia 95. Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation wa New Zealand wakaona kwamba wasomaji wengi hawaelewi ipasavyo hadi wafike asilimia 98. Tofauti ya 95 na 98 inaonekana ndogo. Chukua ukurasa wa maneno 300. Kwa asilimia 95 una maneno 15 usiyoyajua, yaani unajikwaa karibu kila mstari wa pili. Kwa asilimia 98 ni sita tu, na hayo sita unaweza kuyakisia kwa sababu yaliyoyazunguka unayafahamu. Msomaji wa asilimia 95 hawezi kukisia vizuri, maana hata ushahidi wa kukisia nao umejaa mashimo.

Nation mwenyewe mwaka 2006 alikadiria kwamba ili kufika asilimia 98 katika riwaya na magazeti ya Kiingereza, msomaji anahitaji koo za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Ukoo mmoja hubeba neno na watoto wake, kama Kiswahili kinavyotoa somo, msomi, usomaji na someka kutoka katika kitenzi kimoja. Hiyo ni idadi inayoweza kumkatisha tamaa kijana aliyeingia kidato cha kwanza akiwa amesoma miaka saba kwa Kiswahili, akakutana na fizikia kwa lugha asiyoweza kuombea maji. Lakini koo hizo hazina uzito sawa, na hapa ndipo kozi nzuri inapojitofautisha.

Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya koo 2,000 za Kiingereza cha matumizi ya jumla. Mwaka 2000 Averil Coxhead, naye wa New Zealand, alichambua maandishi ya kitaaluma yenye maneno milioni 3.5 kutoka katika sanaa, biashara, sheria na sayansi. Akaziweka kando koo za West, kisha akatafuta zinazojirudia katika nyanja zote nne. Alibaki na koo 570. Koo hizo peke yake hubeba karibu asilimia 10 ya maneno yote ya maandishi ya kitaaluma. Katika hadithi za kubuni zinabeba asilimia 1.4 tu.

Takwimu hiyo ya mwisho inastahili kusomwa mara mbili. Baada ya ripoti ya 1984 kulikuja mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza katika sekondari zetu, ulioanza 1987 kwa ufadhili wa Uingereza, na sehemu yake muhimu ilikuwa kupeleka shuleni vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi. Wazo lilikuwa jema na naliunga mkono: hadithi hujenga kasi na mapenzi ya kusoma, na bila hivyo viwili hakuna litakalofuata. Ila hadithi hazitamkutanisha mwanafunzi na maneno kama hypothesis, constitute, derive na framework mara za kutosha kuyamiliki. Maneno hayo huishi ndani ya vitabu vya uchumi, biolojia, sosholojia na sheria, na atayapata humo humo.

Kwa hiyo hesabu ya kozi inakuwa nyepesi kuliko inavyotangazwa. Koo 10 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni koo 50 kwa wiki. Orodha nzima ya Coxhead inamalizika katika wiki 12. Kozi inayokuuzia maelfu ya maneno magumu, yaliyochaguliwa kwa sababu yanavutia machoni, inakupotezea muda. Neno adimu unaloweza kukutana nalo mara moja katika shahada nzima halina haraka.

Ndani ya orodha ya Coxhead kuna kikundi kidogo ambacho ningekifundisha kabla ya vingine vyote: whereas, nevertheless, albeit, hence, thereby, notwithstanding. Wanafunzi wengi huyaruka, wakidhani uzito wa sentensi uko kwenye majina na vitenzi. Mwandishi wa kitaaluma huyatumia maneno haya kuongoza mwelekeo wa hoja. Anaweza kutumia aya nzima kueleza hoja ya mtu mwingine, kisha akaipindua kwa neno moja. Mwanafunzi aliyeliruka neno hilo ataandika kwenye mtihani kwamba mwandishi anaunga mkono kile hasa alichokipinga. Katika sheria hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu notwithstanding inaweza kukifanya kifungu kimoja kikishinde kingine.

Mwanafunzi wa Kitanzania ana hazina moja hapa ambayo kozi za nje haziwezi kuijua. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 ipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ibara kwa ibara. Weka matoleo mawili ubavu kwa ubavu, soma ibara moja kwa Kiswahili hadi ujue nani anapewa mamlaka gani na kwa masharti gani, kisha iendee ya Kiingereza. Utaona viunganishi vinavyofanya kazi, na utaviona vikibeba maana ambayo tayari unaijua. Nashangaa kwamba zoezi hili halimo katika kila kozi ya stadi za mawasiliano nchini.

Kujua neno na kulihifadhi ni mambo mawili. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, jinsi tunavyosahau upesi tulichojifunza, na jinsi kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunavyozuia upotevu huo. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaligeuza wazo hilo kuwa kisanduku cha kadi: neno ulilolijibu sawasawa linasogea chumba cha mbele na kuulizwa baada ya muda mrefu zaidi, ulilolikosa linarudi mwanzo. Simu hufanya kazi hiyo vizuri kuliko kisanduku, kwa programu kama Anki, ambayo kwenye simu za Android ni ya bure. Hapa teknolojia inastahili sifa yake yote. Mwalimu mwenye darasa la watu mia nne hawezi kujua kwamba wewe umesahau derive na mwenzako amesahau infer. Programu inajua, na inakuuliza ukiwa kwenye daladala.

Lakini kadi ina mpaka wake. Stuart Webb alichunguza mwaka 2007 nini hutokea msomaji akikutana na neno jipya mara moja, mara tatu, mara saba na mara kumi. Kila ongezeko lilizidisha ujuzi, na hata mara kumi hazikutosha kulimaliza neno katika sura zake zote: tahajia, maana, sarufi, na maneno linaloandamana nayo. Kadi hukupa maana. Kwamba utafiti kwa Kiingereza huufanya kwa conduct na hitimisho hulifikia kwa draw au reach, hilo utalipata kwa kuliona neno likiwa kazini, ukurasa baada ya ukurasa. Ndiyo maana nasisitiza kurasa. Kozi ya kadi bila vitabu huzaa mtu anayeshinda mashindano ya maneno na kushindwa sura ya pili ya kitabu chake.

Sasa kusoma kwenyewe. Mwaka 1946 Francis Robinson wa Chuo Kikuu cha Ohio State alipendekeza njia ambayo bado hufundishwa kila mahali: pitia sura juu juu, jiulize maswali, soma, jisimulie ulichosoma bila kuangalia, kisha rejea. Wanafunzi hufundishwa hatua zote tano na huiruka ya nne, ile ya kujisimulia, kwa kuwa ndiyo inayochosha. Kumbe ndiyo yenye faida kuliko nyingine. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwagawa wanafunzi. Wengine walisoma kifungu na kukirudia, wengine walikisoma na kujaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi, na kwa tofauti kubwa. Mtihani wa chuo hauji baada ya dakika tano.

Kozi ya mtandaoni inaweza kulazimisha hatua hiyo ya nne kuliko mwalimu wa darasani. Inaweza kuufunga ukurasa na kukataa kufungua unaofuata hadi mwanafunzi aandike sentensi tatu: mwandishi anadai nini, anatoa ushahidi gani, na anampinga nani. Sentensi tatu kwa kila kurasa tano, kwa wiki 12. Nikiona kozi yenye kipengele hicho hunisisimua kuliko video yoyote, hata iwe imepigwa kwa ustadi gani. Maswali ya kuchagua jibu kati ya manne ni rahisi kusahihisha na ndiyo yanayotawala kozi nyingi, lakini yanapima kama mwanafunzi ameitambua hoja baada ya kuwekewa mbele. Kazi ya chuo inamtaka aitoe mwenyewe kutoka katika kurasa 30.

Mahali pengine nina onyo. Pablo Delgado na wenzake mwaka 2018 walijumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakaona kwamba watu huelewa zaidi wanaposoma kwenye karatasi kuliko kwenye kioo, hasa maandishi ya maarifa na hasa muda unapobana. Sisemi kozi itoke mtandaoni. Nasema sura nzito ichapishwe pale inapowezekana. Stationery ya nje ya geti la chuo inatoa nakala kwa bei ya chini kuliko chakula cha mchana, na kalamu mkononi hupunguza mwendo wa macho mahali panapostahili. Vilevile kozi zinazoahidi kukufundisha kusoma maneno elfu moja kwa dakika ziepuke. Makala ya Keith Rayner na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2016, ilipitia ushahidi wa miongo mingi na kueleza kwamba ukiongeza kasi kupita kiasi unalipa kwa uelewa. Kasi ya halali huja na msamiati na mazoea ya mada.

Na akili mnemba? Mwanafunzi anaweza sasa kuipa makala ya kurasa 25 na kupata muhtasari kabla chai haijapoa. Hilo ni desa lile lile, limekuja kwa haraka zaidi. Ukiitumia kabla ya kusoma, umeipa mazoezi yaliyokuwa ya kwako. Ukiitumia baada ya kusoma, ikuulize maswali kumi kuhusu sura na ikubane unapojibu ovyo, inakuwa msaidizi wa maana, mradi unarudi kwenye kitabu kuhakikisha kwamba haikukudanganya. Mpangilio wa kabla na baada ndio unaoamua.

Kuna jambo ambalo wenzangu wengi hawalipendi, nami nitalisema waziwazi: kozi nzuri ya usomaji wa Kiingereza wa kiwango cha chuo kwa Watanzania ianze kwa Kiswahili. Mwaka 1984, mwaka ule ule wa ripoti ya Criper na Dodd, Charles Alderson aliuliza kama shida ya kusoma lugha ya kigeni ni shida ya lugha au ni shida ya kusoma. Ushahidi uliokusanywa tangu hapo unaonyesha kwamba ni vyote viwili: chini ya kiwango fulani cha lugha ustadi wa kusoma haupati pa kufanyia kazi, na juu yake ustadi huo huvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine. Eddie Williams alichapisha mwaka 1996 ulinganisho wa wanafunzi wa mwaka wa tano wa Malawi na Zambia. Zambia iliwafundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo. Malawi iliwafundisha kwa Chichewa miaka minne ya kwanza. Katika kusoma Kiingereza hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Katika kusoma lugha ya nyumbani Wamalawi waliwaacha Wazambia mbali sana. Miaka minne ya Kiingereza haikuwanunulia Wazambia Kiingereza zaidi, na iliwagharimu uwezo wa kusoma lugha yao.

Wale walikuwa watoto, hawa ni vijana wa miaka 20, lakini funzo linavuka. Mwanafunzi wetu anayeshindwa kueleza hoja ya makala ya Kiingereza mara nyingi hajawahi kufundishwa kuitafuta hoja ya makala yoyote. Kiswahili chake cha shule kilikuwa ushairi, ngeli na ufahamu wa aya mbili tatu. Hajakaa na makala ya kurasa 20 ya Kiswahili yenye dai, ushahidi na mabishano. Makala hizo zipo. Majarida yaitwayo Kiswahili na Mulika, yanayotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yamejaa mijadala mizito ya isimu na fasihi. Mpe mwanafunzi makala moja ya aina hiyo wiki ya kwanza. Hana kisingizio cha msamiati, au anacho kidogo, na mwalimu ataona bayana kama kijana anajua kutenganisha madai ya mwandishi na madai anayoyapinga. Kile atakachojifunza hapo atakibeba kwenda kwenye Kiingereza wiki ya tatu. Kukianza Kiingereza siku ya kwanza ni kumpa magumu mawili kwa pamoja na kutojua lipi limemwangusha.

Gharama nayo ina siasa yake. Saa moja ya video hula mamia ya megabaiti. Kitabu cha kurasa 300, kikiwa maandishi matupu, hakifiki megabaiti moja. Mwanafunzi anayenunua bando la wiki kwa kubana nauli anaweza kupakua maktaba nzima kwa gharama ya mihadhara miwili ya video. Tangu mwaka 2012 mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani unatoa bure vitabu vya kiada vya chuo vya biolojia, uchumi, saikolojia, takwimu na fani nyingine. Hukumu za mahakama zetu zinasomeka bure katika tovuti ya TanzLII. Hoja kwamba vitabu hakuna ilikuwa na nguvu mwaka 1984. Leo imebaki na nguvu ndogo sana, na mtengenezaji wa kozi anayejaza video badala ya maandishi anamtoza mwanafunzi maskini mara mbili: fedha zake na mazoezi yake.

Tatizo kubwa kuliko yote la kozi za mtandaoni, hata hivyo, ni watu kuziacha. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha mwaka 2019 uchambuzi wa kozi huria za Harvard na MIT: katika mwaka wa masomo 2017 hadi 2018, waliomaliza walikuwa kama asilimia tatu tu ya wote waliojiandikisha. Miongoni mwa waliolipia cheti walimaliza karibu nusu. Kulipia kunasaidia, bila shaka, ila nchi yetu ina kumbukumbu ya njia nyingine ambayo tumeisahau mno.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Redio ilitangaza, vijitabu vikagawiwa, na watu wapatao milioni mbili wakakaa katika vikundi vya kusoma vijijini, kila kikundi na kiongozi aliyepewa mafunzo. Waliosikiliza kipindi walisoma kijitabu kwa pamoja, wakajadili, wakakubaliana la kufanya, wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Ilikuwa elimu ya masafa kwa kila maana ya neno hilo, na kilichoishikilia kilikuwa kile kikundi cha majirani wanaojuana, ambacho ukikosa wiki moja kinakuuliza ulikuwa wapi. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kazi 1994, kina vituo mikoani, na hivyo kina uti wa mgongo wa kufanya jambo kama hilo upya. Wanafunzi watano wa Singida wanaosoma sura moja kwa wiki na kukutana Jumamosi kujisimulia watafika wiki ya 12. Mmoja peke yake na simu yake, nina shaka.

Wakati nao upo. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Hata ukitoa miezi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa wanaokwenda, zinabaki wiki ambazo kijana hukaa nyumbani akisubiri matokeo, mkopo na barua ya udahili. Somo la stadi za mawasiliano linaanza baada ya hapo, sambamba na masomo yaliyokwisha kuhitaji stadi hizo. Tume ya Vyuo Vikuu na vyuo vyenyewe vinaweza kulisogeza mbele: kozi moja ya maandishi mepesi kupakua, bure kwa kila aliyedahiliwa, kurasa tano kwa siku, koo 10 za msamiati, sentensi tatu za kujisimulia, na kikundi cha wilaya. Haihitaji studio. Inahitaji walimu wachache wanaojua kuchagua maandishi, na wasaidizi wa kusoma sentensi zile na kuzijibu.

Hadi hilo lifanyike, nawe uliyedahiliwa unatafuta kozi, iulize maswali haya kabla hujalipa. Nitasoma kurasa ngapi hadi mwisho? Maneno mtakayonifundisha yamechaguliwa kwa kigezo gani, na nitayaona tena lini? Nani atasoma nitakachoandika? Wakikosa majibu, hiyo fedha nunua bando, pakua kitabu kimoja cha OpenStax cha fani yako, mtafute mwenzako mmoja mwenye udahili kama wako, na msome kurasa tano za kwanza leo jioni.